Haidrojeni kwa Maji ya Mfereji Wetu

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya nimetulia. Watu wananiambia mambo yameisha, mradi umeondoka, maji yapo, sasa unalalamika nini? Namlilia baba yangu. Naulaani na mdomo wangu pia, na hapo ndipo hasira inapokosa pa kwenda, maana huwezi kujifokea mwenyewe mchana kutwa.

Mimi ni mhandisi wa kemia. Naishi Soweto, hapa Moshi mjini, na nafanya kazi za ushauri kwa yeyote anayehitaji mtu wa kupiga hesabu za mabomba na mitambo. Nimeshahangaika na viwanda vya ngozi, vya sukari, vya mafuta ya alizeti. Kisha nikaletewa kazi niliyoiona ya heshima kuliko zote nilizowahi kushika. Kampuni moja ilikuwa inawashauri watu waliotaka kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi huko pwani. Kiwanda chenyewe kilikuwa bado kwenye karatasi, hata nyasi za kiwanja hazijafyekwa. Swali nililopewa lilikuwa moja tu: kikijengwa, kitapata wapi haidrojeni?

Mtu asiye wa fani hushangaa akisikia mafuta yanahitaji gesi nyingine ili yasafishike. Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa na salfa, na salfa ikibaki kwenye dizeli moshi wake unachoma macho na vifua vya watu. Basi mafuta yanapitishwa kwenye mtambo wenye joto kali pamoja na haidrojeni, nayo inaikamata salfa na kuiondoa. Haidrojeni hiyohiyo inasaidia kuvunja yale mafuta mazito kama lami yawe dizeli. Kiwanda cha siku hizi kisicho nayo hakina kazi.

Nilikaa na swali lile wiki nyingi, na nililipenda. Niliandika njia nne. Ya kwanza, kuokota haidrojeni ambayo kiwanda chenyewe huizaa kinapotengeneza petroli, ambayo wengine huichoma tu kama kuni. Ikipungua, unachukua gesi asilia, unaipiga kwa mvuke kwenye tanuru palepale kiwandani. Au unanunua kwa jirani mwenye kiwanda kingine na kuvuta bomba. Na ya nne ni kupasua maji kwa umeme: haidrojeni huku, oksijeni kule. Hii ya nne ni safi kuliko zote kama umeme wenyewe ni safi, ila inakula umeme kama haina akili nzuri, na inakula maji. Kila kilo ya haidrojeni inataka kilo tisa za maji safi, hapo hujahesabu ya kusafishia na ya kupozea. Nikashauri waanze na ya kwanza, wajazie na ya pili, na ya nne waiweke baadaye, hapohapo pwani, wasafishe maji ya bahari ambayo hayana mwenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Meneja wa mradi akapanda kutoka Dar kuja kuniona. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa kucheka, mwenye kukuita dada kana kwamba mmenyonya ziwa moja. Akaisifia ripoti, kisha akasema inakosa mvuto.

"Dada, fikiria. Hapa mna maji ya mlima, masafi, yanashuka yenyewe bila pampu. Mna reli mpaka pwani. Na mna jina. Haidrojeni ya Kilimanjaro! Hao wenye mitaji kule nje, ukiwaonyesha mlima wenye theluji, ripoti wanasoma ya nini tena?"

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamweleza polepole, kama namwelekeza mgeni stendi, kwamba haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote duniani, kwamba ukiishindilia kwenye mitungi unasafirisha chuma kingi na gesi kiduchu, kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeitengeneza juu ya mlima na kuikokota hadi baharini wakati kiwanda kinaweza kuitengeneza mlangoni kwake. Nikamwambia pia kwamba maji yale yana watu.

"Sawa," akasema. "Basi iweke kama njia ya tano. Andika haifai, hamna neno. Inaonyesha tumefikiri kwa upana."

Nikaiweka. Niliandika ukurasa mzima wa sababu za kuikataa, lakini niliiweka. Hata leo nikikumbuka, natamani kujizaba kofi.

Sasa nieleze hayo maji. Kwetu ni Marangu, upande wa juu. Mfereji wetu unatoka kwenye kijito kilichoko bondeni, karibu na msitu, pale tunapopaita banio, palipozuiwa kwa mawe na udongo ili maji yageuke. Kutoka banio unapita ubavuni mwa kilima na kuingia vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, zaidi ya ishirini, chini ya migomba, kando ya kahawa, nyuma ya mabanda ya ng'ombe. Waliouchimba ni babu zetu kwa majembe ya mbao. Kila nyumba ina zamu yake. Hakuna mita, hakuna karani. Yupo mzee wa mfereji, ambaye anajua zamu zote kichwani, anayesuluhisha wakigombana, na anayeita watu kuusafisha kabla ya kiangazi. Baba yangu alikuwa mzee wa mfereji tangu mimi niko shule ya msingi. Hajawahi kuwa diwani, hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Hicho ndicho cheo alichokuwa nacho duniani, na alikitunza kuliko alivyotunza magoti yake.

Nilipokuwa nadhani njia ya tano imelala kwenye karatasi, kampuni ikapeleka watu kupima. Hawakuniambia. Walipanda na kijiko, lile tingatinga dogo la kuchimbia, wakachimba mashimo ya kupima udongo juu kidogo ya banio. Ukingo ukaporomoka. Ilikuwa kiangazi, wakati ambao hata kikombe cha maji kina hesabu yake. Mfereji ukakauka siku tisa. Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mjane mwenye ng'ombe wawili, alikuwa anashuka bondeni na ndoo kichwani mara sita kwa siku. Migomba ya mshare ikainamisha majani. Wanaume wakajenga ukingo upya kwa mikono, na baba, na magoti yake yale, alishinda kwenye tope pamoja nao.

Meneja akataka kuonana naye. Baba akakataa. Wakamfuata mara ya pili, akatuma neno kwamba yuko shambani. Mara ya tatu walimkuta kabisa uani kwake, akawaambia, "Sina maneno na mtu aliyevunja banio akaondoka kama mbuzi aliyekula mboga." Akawaacha wamesimama.

Hapo ndipo naingia mimi na domo langu. Meneja alinialika chakula cha mchana mjini, hoteli moja ndogo wanakopika mtori mzito kweli, ule mchuzi wetu wa ndizi na nyama. Akawa mpole, akanung'unika kwamba mzee ni mgumu, kwamba wao wanataka kuomba radhi tu, hawajui pa kuanzia. Kwa kuwa alikuwa anakula mtori wetu na kuusifu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujidai na kwetu, nikaanza kumfundisha. Nikamweleza habari ya isale.

Isale ni mmea wa kawaida, majani marefu, tumeupanda kwenye mipaka ya vihamba vyote. Lakini ukimkosea mtu, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unampelekea na kumwambia nimekosa. Hata kama umemlia ng'ombe wake, hata kama kuna damu kati yenu, akiletewa isale hakufukuzi. Akilikataa, ubaya unahamia kwake. Nilimweleza vizuri, kwa fahari, nikimwonyesha kwa kitambaa cha karatasi jinsi fundo linavyofungwa. Akanisikiliza bila kula.

"Hawezi kukataa?" akauliza.

"Kwetu? Hawezi."

Wiki iliyofuata nilipanda nyumbani Jumapili baada ya misa. Baba alikuwa amekaa nje, amevaa koti, uso umekunjuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mae, wale vijana wako walikuja! Kumbe wana adabu. Wamekuja na isale, limefungwa vizuri kabisa, na debe la mbege. Yule mkubwa wao akapiga goti hapa, hapa hapa. Nikamwambia inuka, yameisha."

Nilifurahi. Sitaki kusema uongo, nilifurahi, nikajiona nimefanya jambo la maana, nimepatanisha watu. Kisha baba akataja kwamba walipiga picha, na kwamba walikuwa na daftari.

"Daftari gani? Ulisaini?"

"Nilisaini kwamba walifika. Siku hizi kila anayekuja ana daftari. Wa chanjo ya ng'ombe ana daftari, wa kahawa ana daftari. Mgeni kapiga goti kwako, utamnyima jina lako?"

Nikaacha. Sikuulizia daftari tena, nikala ndizi zangu na kushuka mjini.

Baada ya miezi miwili nikatumiwa ripoti ya mwisho, ile iliyopelekwa kwa wakubwa. Jina langu liko mbele. Njia zangu nne zipo, zimebanwa kwenye kurasa chache katikati. Njia ya tano sasa ni ya kwanza, ina picha ya mlima ukurasa mzima, na ule ukurasa wangu wa sababu za kuikataa haupo. Nikafungua viambatisho. Kiambatisho cha tatu kiliitwa Ridhaa ya Wazee wa Maji. Kulikuwa na picha ya baba ameshika isale kwa mikono miwili, meneja pembeni yake ana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wote wanacheka. Chini yake ni karatasi ya mahudhurio, na sahihi ya baba, ile herufi yake ya kwanza kubwa anayoiandika taratibu kama anachora nyumba.

Nilimpigia meneja simu hapohapo.

"Mmefanya nini? Mzee amewasamehe kwa ukingo mliobomoa. Amewapa maji saa ngapi?"

"Dada, tulia. Tulimshirikisha. Alipokea, akanywa na sisi, akasaini. Kwa mila zenu si ndiyo makubaliano? Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha kuomba msamaha!"

"Na tuliomba," akasema.

Nimewahi kudanganywa na watu wengi. Kazi yetu hii imejaa wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini huyu hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliomba radhi kweli, kwa jani la kweli, lenye fundo sahihi nililomwonyesha mimi. Kisha akaigeuza radhi kuwa mkataba. Niliandika barua ya kujitoa, nikawaeleza wakubwa wake kwamba ripoti si yangu. Hawakujibu. Na kabla sijapanda kumweleza baba, karatasi ilishafika kijijini.

Ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, uwanja wa shule, asubuhi, watu wamekaa kwenye nyasi. Afisa aliyetumwa alikuwa anasoma tu, hana baya wala zuri. Akasoma kwamba mradi utachukua maji juu ya banio, kwamba wananchi watanufaika, kwamba wazee wa maji wameridhia. Akainua ile picha. Wa mbele wakaiona, wakaipitisha nyuma. Niliifuata kwa macho ikitoka mkono hadi mkono, na kila ilipofika watu waliitazama, kisha wakamtazama baba.

Yule mjane mwenye ng'ombe wawili ndiye aliyeuliza. Hakupaza sauti.

"Baba, hii sahihi ni yako?"

Baba akasimama, akavua kofia. "Ni yangu."

"Ulikubali watwae maji?"

Nikangoja aseme hapana. Uwanja mzima ulingoja. Baba akaizungusha kofia mikononi, akasema, "Walikosa, wakaleta isale. Nikapokea." Akakaa.

Ni mimi tu niliyeelewa kwa nini alikomea hapo, labda na wazee wengine wawili watatu. Mtu aliyepokea isale halirudii kosa mdomoni. Akisimama mbele ya watu na kusema wale vijana ni waongo, wamenifanyia hivi na vile, ameufuta msamaha aliokwisha kuutoa. Baba hakuwa tayari kuufuta, hata kwa ajili ya watu wasiojua msamaha ni nini. Alichagua aonekane ameuza maji kuliko kulitema neno lake.

Basi nikasimama mimi. Nikasema kila kitu: kwamba kiwanda hakihitaji maji yetu hata tone, kwamba haidrojeni yake inaweza kutoka kwenye mafuta yenyewe na kwenye gesi, kwamba niliyaandika hayo na wakayakata. Kwamba baba alisaini kufika kwa wageni tu. Na kwamba habari ya isale niliwapa mimi, mezani, nikila mtori.

Niliposema hilo la mwisho mwanaume mmoja, jirani yetu wa chini, akasema kwa upole hata nikatamani angenitukana, "Dada, wewe umesoma. Unajua kuyapanga maneno yakaeleweka. Lakini sisi hapa tunaona binti yuko kwenye ripoti na baba yuko kwenye picha."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Hawakumfukuza. Huko kwetu mzee hafukuzwi. Walimshukuru kwa miaka yake yote, wakasema magoti yanamsumbua, apumzike, wakamchagua yule jirani wa chini awe mzee wa mfereji. Na mradi wakaukataa kwa kauli moja. Baba naye aliinua mkono kuukataa. Nilitazama kuona kama kuna aliyeuona mkono wake, nikaona wote wanatazama mbele.

Baada ya hapo zamu yetu ya maji haikuguswa, salamu hazikukatika, na mbege aliendelea kupelekewa. Ila hakuna aliyekuja tena kumwuliza kitu. Mtu aliyekuwa akigongewa mlango alfajiri kwa sababu fulani amefungulia maji kabla ya zamu yake, sasa anashinda anapalilia kahawa ileile mara mbili. Nilipojaribu kumwomba radhi alinikatiza, "Wewe ni mtoto wangu, isale la nini," akaniuliza kama gari langu bado linavuja mafuta.

Simu ya meneja ilikuja karibu mwaka umepita. Nilikuwa mjini, nje ya duka la vifaa vya mabomba. Sauti ileile yenye kicheko.

"Dada, hongera! Hoja yako imeshinda. Wataalamu wa wenye mitaji wameipitia upya, wamesema ya mlimani haina kichwa wala miguu. Wanaokota ya kiwandani, wanajazia na gesi. Neno kwa neno, kama ulivyoandika mwanzo."

"Basi niandikieni barua," nikasema. "Kwa kijiji. Mseme baba yangu hakuwahi kukubali mtwae maji. Mistari miwili inatosha."

"Barua ya nini sasa? Njia ya tano haipo tena. Hatuwezi kuandikia kitu ambacho hakipo."

Nilimtukana. Nilimtukana pale barabarani, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, mpaka muuza duka akatoka kuangalia. Alikuwa ameshakata simu.

Nikapanda Marangu siku hiyohiyo. Ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja hadi banio, nikawakuta wamo majini na majembe, wanaume kwa wanawake. Nikawaambia mradi umekufa, na wenyewe wamekiri hawakuhitaji maji yetu tangu mwanzo. Wakafurahi. Yule mjane akapiga vigelegele. Mzee mpya wa mfereji akafuta jasho, akasema, "Aika sana, dada. Umetuletea neno jema."

"Na baba?" nikauliza. "Sasa si mnaona hakuuza kitu?"

Mzee mpya akasema, "Wameondoka kwa sababu zao wenyewe, si kwa sababu yeye hakukubali. Karatasi yenye jina lake haijaondoka. Mwache mzee apumzike." Hakusema kwa ubaya. Akainama, akaendelea kuchimba, na wenzake wakaendelea.

Nikaliacha gari hukohuko juu, nikashuka nyumbani kwa miguu. Baba alikuwa uani, amevaa buti za mpira na shati la kazi, jembe limeegemea ukuta. Alikuwa ameona gari langu likipita kwenda juu. Nikamsalimu, akaitika, na kabla sijasema habari ya simu wala ya kiwanda, akauliza, "Wameniita?"